Pedali ya kushoto haijaganda, unaikaza

Krenki za baiskeli, ile mikono inayobeba pedali, zikiwa zimeliwa nyuzi huletwa na maelezo yaleyale: "Fundi, pedali imeganda, nimerefusha spana mpaka kwa bomba na bado imegoma." Upande gani? Kushoto. Uliizungusha vipi? "Kama nati nyingine zote." Basi haikuganda. Ulikuwa unaikaza, na bomba lilikusaidia kuikaza zaidi.

Pedali ya kulia, upande wa mnyororo, ina nyuzi za kawaida. Ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Wengi wamelisikia hilo na bado wanakosea, kwa sababu wanajaribu kukariri mshale wa saa, na mshale unageuka kila ukihama upande, na kila ukiingiza alenki (ufunguo wa pembe sita) kutoka nyuma ya krenki. Achana na saa. Baiskeli ikiwa imesimama kwa matairi yake, pedali zote mbili hufunguka namna moja: upande wa juu wa spana unakwenda kwenye gurudumu la nyuma. Uwe kulia au kushoto, utumie spana au alenki, ni hivyo hivyo.

Ila ukiipindua matairi juu, kama tulivyozoea wakati wa kuziba pancha, mambo yanageuka: upande wa juu wa spana sasa unakwenda kwenye gurudumu la mbele. Hapo hata fundi mzoefu anaweza kuning'inia kwenye spana nusu saa akilaani kutu isiyokuwepo. Usiipindue. Na "kushoto" ni kushoto kwa anayeendesha, si kwako wewe uliyechuchumaa mbele ya usukani.

Kuna na hili linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa hata wanaojua nyuzi ni za kinyume wanalieleza vibaya. Wanasema msuguano wa gololi ndio unaoikaza pedali unapokanyaga. Hapana! Tazama upande wa kulia. Krenki inazunguka kwa mwendo wa saa, lakini pedali inabaki bapa chini ya mguu wako, maana yake ukiilinganisha na krenki inazunguka kinyume cha saa. Kwa hiyo msuguano wa gololi, kama una nguvu yoyote, unaivuta ekseli ya pedali, kile chuma kinachoingia kwenye krenki, upande wa kufunguka. Kinachokaza ni uzito wa mguu. Ekseli haibani tundu lake kwa asilimia mia, kuna nafasi ndogo sana, na mguu unaposhindilia chini huku krenki inazunguka, ekseli inabiringika ndani ya tundu. Ukitaka kuona, tengeneza duara kwa kidole gumba na cha shahada, pitisha kalamu ndani, kisha izungushe ikigusa ukingo wa duara pande zote. Kalamu yenyewe itajigeuza kinyume cha njia inayopita. Nguvu hiyo ndiyo inayokaza, na ni kubwa kuliko msuguano wa gololi nzima. Ndiyo maana pedali iliyofungwa kwa mkono wa kawaida na kuendeshwa mwaka mzima huwa ngumu kuliko ulivyoiacha, bila kutu hata chembe.

Sasa kazi. Spana namba 15, nyembamba, yenye mpini mrefu. Spana nene haiingii vizuri kati ya krenki na pedali, inashika nusu ya bapa, ile sehemu ya ekseli ya kushikwa na spana, halafu inateleza. Spana malaya, ile ya mdomo unaorekebishwa, iache kwenye boksi. Pedali nyingine hazina bapa, zina tundu la alenki nyuma, namba 6 au 8. Kama ni 6 na imekaza kweli, usitegemee sana, itapinda au itakula kona.

Elekeza krenki mbele, sambamba na ardhi. Kaa upande huohuo, weka spana ili mpini uelekee nyuma, juu kidogo ya krenki, kiasi kwamba mpini na krenki vinaweza kushikwa pamoja kwa kiganja kimoja. Bana vyote viwili au shindilia mpini chini. Inafaa kwa pande zote mbili. Mnyororo uwe kwenye gia kubwa ya mbele, maana spana ikiteleza vidole vyako vinakwenda kwenye meno. Mtu mmoja ashike breki ya nyuma.

Bomba? Fanya hesabu kwanza. Pedali hufungwa kwa Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 40 hivi. Mtu wa kilo 80 akisimama kwenye ncha ya bomba la sentimita 60 anatoa karibu Nm 470. Kwa nguvu hiyo ukikosea upande ni krenki inayolipa. Hakikisha upande kabla ya kuongeza urefu. Mimi napenda nyundo ya mpira kuliko bomba: pigo fupi kwenye ncha ya mpini huvunja kile kilichoshika, mvuto wa polepole unapinda tu. Na kabla ya kufungua, kaza kidogo, robo ya robo ya mzunguko. Hilo peke yake huachanisha nyingi.

Kama upande ni sahihi na bado imegoma, sasa ndiyo imeganda. Tafuta kwanza krenki ni ya nini. Krenki za chuma za kotapini (zinazoshikiliwa na pini), za baiskeli za Phoenix na ndugu zake, zinashikwa na kutu ya kawaida. Mafuta ya kupenyeza, usiku mmoja, na nyundo. Isipofunguka, sioni sababu ya kupigana nayo, krenki ya chuma ni bei ya kawaida.

Ugumu uko kwenye krenki za aluminiamu, hasa za baiskeli za mtumba zilizokaa karibu na bahari, Tanga au Mombasa. Aluminiamu na chuma vikikutana na unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na unga wake mweupe huchukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu iliyopotea, ukabana nyuzi. Mafuta hapo nayatilia shaka. Nayaweka, tena kutoka nyuma ya krenki ambako nyuzi zinaonekana, lakini siwezi kukuapia kwamba yanafika katikati.

Joto ninaliamini zaidi. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu lina kipenyo cha inchi 9/16, yaani milimita 14.3, ukipandisha joto kwa nyuzi 100 za Selsiasi, tundu linapanuka kuliko ekseli kwa karibu milimita 0.016. Ni kidogo, lakini ndicho kinachohitajika. Anza na birika la maji yanayochemka, yamwage polepole kwenye krenki, si kwenye pedali. Ukitumia moto wa gesi, tonea tone la maji: likicheza na kukauka papo hapo, simama. Aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo macho hayatakuonya, na ikipita 200 au zaidi inapoteza ugumu wake. Krenki ya kaboni usiiguse na moto.

La mwisho: vua kifuniko cha pedali, nati, gololi, mwili wote, ubaki na ekseli tupu. Toa krenki kwenye baiskeli, bana ekseli kwenye vaisi (jiriwa), na ugeuze krenki yenyewe kama mpini. Ukiwa unatazama mgongo wa krenki, upande uliokuwa ukielekea baiskeli, ya kulia hufunguka kinyume cha saa kama nati yoyote, ya kushoto hufuata saa.

Wakati wa kurudisha, safisha nyuzi kwa brashi, paka grisi nyingi, anza kwa vidole mizunguko mitatu au minne kabla ya spana. Soma herufi kwenye ekseli: R na L, au D na S kwa za Italia, D na G kwa za Ufaransa. Ikikataa kuingia kwa vidole, umekosea upande, na spana itakata nyuzi mpya zisizo na faida kwa mtu. Zikishakatika, fundi wa tapu (kifaa cha kukata nyuzi) anaweza kutoboa na kuweka bushi yenye nyuzi, ila mwambie waziwazi kama ni ya kushoto, kwa maana tapu ya kushoto ni nyingine.