Leopold wa Anhalt-Dessau: Jemadari Aliyemwoa Binti wa Mfamasia

Leopold I, mtawala wa Anhalt-Dessau, hutajwa zaidi na wasomaji wa historia ya vita, kwa kuwa ndiye aliyewazoesha askari wa miguu wa Prussia, dola la Kijerumani la kaskazini, kutembea kwa hatua moja. Sifa hiyo anastahili. Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayetaka kuielewa jamii ya Wajerumani wa karne ya 18, ambamo cheo cha kuzaliwa kiliamua karibu kila kitu, atajifunza mengi zaidi nyumbani kwa Leopold kuliko kambini kwake.

Alizaliwa mjini Dessau tarehe 3 Julai 1676. Enzi hizo Ujerumani haikuwa nchi moja, bali mamia ya maeneo makubwa kwa madogo yaliyokuwa chini ya Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma. Anhalt-Dessau ilikuwa miongoni mwa yale madogo, na watawala wake walijitafutia heshima kwa kulitumikia jeshi la jirani yao mkubwa, Brandenburg-Prussia. Baba yake, Johann Georg II, alikuwa jemadari wa jeshi hilo. Alipofariki mwaka 1693, mjane wake Henriette Catharina, aliyetoka katika ukoo wa Orange wa Uholanzi, aliiongoza nchi kwa niaba ya kijana wao.

Kijana huyo tayari alikuwa amempenda Anna Luise Föhse, binti wa mfamasia wa mjini. Mama mtu hakuridhia, akamtuma mwanawe safari ndefu ya Italia akitumaini kwamba umbali ungemsahaulisha. Haukumsahaulisha. Mwaka 1698, alipokabidhiwa madaraka, Leopold alimwoa Anna Luise.

Ndoa ya namna hiyo ilikubalika kanisani, lakini kwa sheria za watawala ilikuwa na kasoro kubwa: mke asiye wa hadhi sawa na mumewe hakupata cheo chake, na watoto wao hawakuwa na haki ya kurithi utawala. Wana wao wawili wa kwanza, Wilhelm Gustav aliyezaliwa mwaka 1699 na Leopold Maximilian aliyezaliwa mwaka 1700, waliingia duniani wakiwa katika hali hiyo. Ndipo Desemba 1701 Kaisari Leopold I alipotoa hati, ambayo haikupatikana bure, ya kumpandisha Anna Luise cheo na kuwatambua watoto wake kuwa warithi halali. Mumewe alipokuwa vitani, Anna Luise ndiye aliyesimamia shughuli za nchi, na ndoa yao ilidumu hadi alipofariki Februari 1745.

Vita hivyo vilikuwa vingi. Leopold aliongoza vikosi vya Prussia huko Höchstädt mwaka 1704 na Turin mwaka 1706, na mwaka 1712 akapewa cheo cha jemadari mkuu. Kazi yake ya kudumu, hata hivyo, ilifanyika kwenye uwanja wa mazoezi wa kikosi chake mjini Halle. Askari wa wakati ule alitumia gobore, na kabla ya kila mlio alilazimika kushindilia baruti na risasi ndani ya mtutu kwa mdeki wa mti, ambao ulivunjika kwa urahisi katika pilikapilika za vita na kumwacha na bunduki isiyofaa kitu. Leopold alileta mdeki wa chuma. Ukichanganya na mazoezi yaliyorudiwa siku baada ya siku, kikosi chake kikaweza kufyatua risasi kwa kasi iliyowashinda wapinzani wengi. Mazoezi hayo yaliambatana na adhabu kali za viboko, na si haki kuusifu ustadi huo bila kuitaja mijeledi hiyo.

Nyumbani, suala la cheo lilirudi kwa namna ya kusikitisha. Mwaka 1726 Wilhelm Gustav, mrithi wa kiti, alimwoa kwa siri Johanna Sophie Herre, binti wa mtengeneza bia, akazaa naye watoto tisa. Mtu angetarajia kwamba baba aliyempigania binti wa mfamasia ndiye angekuwa wa kwanza kuambiwa, lakini mwana alimficha baba yake kwa zaidi ya miaka kumi, na siri ilifichuka tu alipokuwa akifa kwa ndui mwishoni mwa 1737. Safari hii haikupatikana hati ya kuwarithisha watoto wale. Walipewa cheo cha chini cha kikabaila kiitwacho Graf mwaka 1749, na urithi ukaenda kwa Leopold Maximilian.

Wana wengine, Dietrich, Eugen na Moritz, wote walikuwa wanajeshi. Moritz alikuwa chini ya baba yake huko Kesselsdorf, karibu na Dresden, tarehe 15 Desemba 1745, ambapo mzee huyo wa miaka 69 aliwapandisha askari wake mlimani kwenye theluji dhidi ya jeshi la Saxony, dola jingine la Kijerumani lililokuwa vitani na Prussia. Walirudishwa nyuma mara mbili kwa hasara kubwa, kisha Wasaksoni wakaacha ngome zao kuwafukuza, na hapo wapanda farasi wa Prussia wakawavunja. Siku kumi baadaye mkataba wa amani ulitiwa saini Dresden. Leopold alifariki Aprili 1747.

Aliacha pia mwana wa nje ya ndoa, Georg Heinrich von Berenhorst, aliyezaliwa mwaka 1733 na kulitumikia jeshi la Prussia kabla ya kurudi Dessau. Mwishoni mwa karne hiyo Berenhorst aliandika uchambuzi mkali wa sanaa ya vita, akihoji mazoezi yale yale ya kumgeuza askari kuwa mashine, na akasisitiza kwamba ari ya askari ina uzito kuliko hatua zilizopangwa.