Kuanzisha Tafakari ya Kikristo Katika Shule ya Kikatoliki

Shule nyingi za Kikatoliki hazina upungufu wa sala. Asubuhi wanafunzi husali kabla ya vipindi, adhuhuri husali Malaika wa Bwana, Oktoba ni mwezi wa Rozari, Ijumaa za Kwaresima kuna Njia ya Msalaba, na Misa ya shule ina siku yake. Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi ya mtoto kukaa kimya mbele ya Mungu bila kupangiwa la kusema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inataja namna tatu za sala: sala ya sauti, tafakari, na sala ya taamuli, yaani kumtazama Mungu kimya kwa imani na upendo. Sisi tunaosimamia elimu ya dini mashuleni tumejitahidi sana katika ile ya kwanza. Hizo mbili nyingine tumeziacha kama vile ni za watawa peke yao, na hapo tunawanyima watoto sehemu kubwa ya urithi wao.

Tafakari ninayoieleza hapa ni ile iliyoenezwa na Padri John Main, mmonaki Mbenediktini aliyefungua kituo cha tafakari mjini London mwaka 1975. Hakubuni kitu kipya. Aliikuta katika maandishi ya Yohane Kasiano, aliyeishi karne ya 4 na ya 5 na kueleza jinsi wamonaki wa jangwa la Misri walivyorudiarudia mstari mmoja wa Zaburi ya 70, ule unaomwomba Mungu aje hima kutuokoa. Padri Main alipendekeza neno Maranatha, maana yake "Bwana wetu, njoo", sala fupi ya Wakristo wa mwanzo ambayo Mtume Paulo aliiacha katika Kiaramu chake mwishoni mwa barua ya kwanza kwa Wakorintho.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mtoto anaketi wima, miguu ikiwa imetulia chini na mikono mapajani. Anafumba macho au anayainamisha. Kisha analitamka neno hilo moyoni, polepole, silabi nne kwa uzito uleule: ma-ra-na-tha. Akili ikitangatanga, na itatangatanga, analirudia neno bila kujilaumu. Kengele ndogo inafungua na kufunga. Kipimo kinachotumika sana kwa watoto ni dakika moja kwa kila mwaka wa umri, hivyo mwenye miaka 7 anafikia dakika 7. Nashauri mwanzo uwe chini ya hapo, dakika mbili au tatu, hadi darasa lizoee. Jimbo Katoliki la Townsville nchini Australia liliipeleka tafakari hii katika shule zake zote, kuanzia watoto wadogo kabisa, na walimu wengi wanaoanza leo huuangalia mfano huo. Watoto wa chekechea huweza kutulia kuliko tunavyowadhania. Wenye shida zaidi ni wakubwa wao.

Ndiyo maana kazi ianzie kwa walimu. Mkuu wa shule asitoe waraka kwanza. Awakusanye walimu walio tayari, wasali kwa namna hii wao wenyewe kwa muhula mzima, ndipo waingie darasani. Na wakiingia, waketi na watoto. Mwalimu anayesahihisha madaftari wakati darasa limenyamaza amekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba jambo hili si la watu wazima, nao wataliacha mara watakapojiona wamekua.

Hapa naomba tuwe wakali katika jambo moja: ukimya wa sala usitumiwe kamwe kutuliza fujo. Darasa lililopiga kelele likiamriwa "kutafakari", watoto wataunganisha Mungu na adhabu, na itachukua muda mrefu kuondoa doa hilo. Vilevile tafakari haina alama wala mtihani. Mtoto asilazimishwe kusimulia kilichopita moyoni mwake.

Wazazi wengine huuliza kama hii si mazoezi ya dini nyingine yaliyovikwa msalaba. Swali hilo ni la haki, na Kanisa lenyewe limelishughulikia. Mwaka 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa barua kuhusu tafakari ya Kikristo, ikionya kwamba sala isigeuzwe kuwa mbinu tupu, na kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ndio faraja ya Roho Mtakatifu. Huenda mtoto akatulia na akasoma vizuri zaidi, tunashukuru likitokea. Lakini tunaketi kwa sababu ya Kristo, na mzazi aambiwe hivyo waziwazi. Shule ikiinadi tafakari kama dawa ya msongo wa mawazo, imekwisha kuipoteza.

Ukimya huo ukishazoeleka, shughuli nyingine za imani hubadilika bila kuongezewa kipindi. Kabla ya kusoma Injili darasani, dakika moja ya kunyamaza. Badala ya kukimbiza Rozari nzima, tendo moja linalosaliwa kwa utulivu. Kwa wadogo, Njia ya Msalaba yenye vituo vinne au vitano badala ya 14. Wanafunzi wakubwa wanaweza kufundishwa kusali kwa Neno la Mungu kwa hatua alizoziandika mmonaki Guigo wa Pili katika karne ya 12: kusoma, kutafakari, kusali, kutaamuli. Utoto Mtakatifu, utume wa kimisionari wa watoto ulioanzishwa na Askofu Charles de Forbin-Janson mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka, nao unahitaji mzizi huu; bila sala, makusanyo yake hugeuka michango tu.

Kuna mtoto ambaye ukimya utamuumiza. Aliyefiwa, au anayeteswa nyumbani, anaweza kulia pindi kelele zinapokoma. Mwalimu ajue mapema atamkabidhi kwa nani, na kila mtoto awe na ruhusa ya kuacha macho wazi au kutoka bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Mwisho ni wanafunzi wasio Wakatoliki. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu uhuru wa dini, la Desemba 1965, linakataza kumshurutisha mtu kutenda kinyume cha dhamiri yake, na shule yetu haiko juu ya tamko hilo. Mtoto wa imani nyingine anaweza kuketi kimya na kusali kama alivyofundishwa kwao, au kusoma mahali pengine chini ya uangalizi. Wazazi waelezwe utaratibu huo kwa maandishi siku wanapomwandikisha mtoto, wala wasisubirishwe hadi walalamike.