Chumba cha kumi kwa kumi, spika saba za nini?

"Fundi, chumba chenyewe kidogo, lakini nataka mziki mnene wa sinema. Nifungie seveni pointi wani." Siku hizi namalizia sentensi hiyo kabla ya mteja mwenyewe. Seveni pointi wani, 7.1, ni spika saba na sabufa moja, yaani spika ya bezi; 5.1 ni tano na sabufa. Ukimuuliza kwa nini saba, atakwambia spika zikiwa nyingi ndiyo sauti inazunguka vizuri. Haizunguki. Hili nitalichimba, mengine ninayoambiwa na wateja nitayagusa tu.

Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, kama vilivyo vyumba vingi vya kupanga, Dar hata Nairobi. Ni mita 3 na kidogo kila upande. Tivi iko ukuta huu, kochi limeegemea ukuta unaotazamana nao kwa sababu hakuna pengine pa kuliweka. Sasa zile mbili za mgongoni, zinazoifanya 5.1 kuwa 7.1, zikae wapi? Nyuma yako hakuna nafasi, kuna tofali. Basi watu wanazibana kulia na kushoto kwa kichwa, sentimita 60 kutoka sikioni, na za mbele ziko mita 2.4 kule kwenye tivi. Kwenye hewa wazi sauti hushuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapokuwa mara mbili. Toka sentimita 60 mpaka 120 ni desibeli 6, mpaka 240 ni 6 nyingine. Kuta za chumba zinapunguza pengo hilo kiasi, haziliondoi.

"Si resiva inajirekebisha yenyewe?" Resiva, ile mashine inayoziendesha spika zote, inajirekebisha, ndiyo. Inazishusha spika za karibu na kuzichelewesha ili sauti zote zikufikie pamoja. Ila hesabu hiyo inafanywa kwa kichwa kimoja, kilichokaa mahali pamoja. Akija mtoto kukaa, ukasogea sentimita 30 kumpisha, spika ya upande uliosogelea imebaki sentimita 30 kutoka sikioni na imepanda desibeli 6, ya upande wa pili imeshuka zaidi ya 3. Mvua iliyokuwa inanyesha filamu nzima sasa inanyesha begani kwako.

Halafu kuna kosa lililo ndani ya kosa. Karibu kila mtu anaamini spika za saraundi za 5.1, zile mbili za kuzungusha sauti, ni za nyuma, kwa hiyo zinatundikwa kwenye pembe mbili za ukuta wa nyuma zikitazama visogo vya watu. Pendekezo BS.775 la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ambalo ndilo mpangilio unaofuatwa wa chaneli tano (kila chaneli ni sauti ya spika yake), linaweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande wa tivi, na za saraundi nyuzi 100 hadi 120. Bega lako ni nyuzi 90. Yaani spika hizo ni za ubavuni, nyuma ya bega kidogo tu. Vuta kochi sentimita 40 kutoka ukutani (najua, mama mwenye nyumba atasema umeharibu sebule), zifunge spika kwenye kuta za pembeni, juu ya usawa wa masikio kidogo. Kila moja itakuwa karibu mita moja na nusu kutoka kwako, na mtu wa pili akikaa atasikia kinachoeleweka.

Hela ikiwa ndogo, usinunue tano mbovu. Nunua tatu za mbele za aina moja na sabufa moja, za ubavuni utaongeza mwakani. Wateja wananinunia nikisema hivi. Lakini mazungumzo ya filamu, karibu yote, hupita kwenye spika ya kati, na hiyo ndiyo naikuta imesukumwa ndani ya kabati nyuma ya maua ya plastiki. Mtu hasikii maneno, anapandisha sauti, bomu linalipuka, mtaa mzima unaamka. Kisha lawama ni za fundi.

"Hii ni wati elfu kumi." Hizo ni za PMPO, namba isiyo na kipimo kinachokubalika, mwenye kiwanda anaandika anachotaka. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma: kinakula wati ngapi za umeme? Kikila 60, hizo elfu kumi zinatoka wapi? Tafuta RMS, wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Na kumbuka kuzidisha wati mara mbili kunakuongezea desibeli 3 tu, ambazo utazisikia kidogo.

"Sabufa inakaa kwenye kona." Kwenye kona inapiga sana, ndiyo, ila inapiga noti moja. Chumba cha mraba cha futi kumi hunguruma kwenye hezi 56 hivi (hezi ni mitetemo kwa sekunde) kwa urefu na hizo hizo kwa upana, zinabebana. Na kochi la ukutani liko pale pale ngurumo inapokuwa kubwa zaidi. Ndiyo maana bezi yako ni "buuu" moja, wimbo wowote. Iweke sabufa juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye gitaa la bezi linalotembea, kisha zunguka chumba ukiwa umeinama, sikio usawa wa sakafu. Pale noti zote zinaposikika sawa, si pale panapotikisika, ndipo mahali pake. Kitufe cha krosova, kinachoipa sabufa sauti nzito na kuziachia spika nyingine zilizobaki, kiache hezi 80.

"Nina 5.1, lakini nyuma hakulii." Umeunganisha kwa waya wa pini nyekundu na nyeupe. Pini mbili, chaneli mbili. Simu kwa Bluetooth ni vilevile, chaneli mbili. Tumia waya wa HDMI au wa mwanga (optical), na hakikisha king'amuzi au tivi imewekwa kutoa Dolby, sauti ya chaneli nyingi. Kipindi chenyewe kikiwa kimerekodiwa stirio, hakuna waya utakaokizungusha.

Mwisho, trei za mayai za kubandika ukutani. Tafadhali. Hazizuii sauti kutoka, ni makaratasi, na zikishika moto zinawaka haraka. Pazia zito na zulia vinapunguza mwangwi wa sauti kali ndani, lakini bezi inapita vyote hivyo pamoja na ukuta wenyewe. Jirani akigonga, usishushe sauti yote. Shusha kitufe cha sabufa peke yake, kwa kuwa mara nyingi kinachomfikia ni bezi tu.