Sangara wa Ziwa Victoria: mtaani wanasema hivi, mwaloni wanaposhushia samaki mambo mengine

Ukitaja haki kwenye uvuvi watu wanawaza zile meli za Asia, kama wavuvi waliokutwa wamefungiwa kisiwa cha Benjina huko Indonesia mwaka 2015. Kwetu ziwani unyonyaji unapita kwenye daftari la tajiri mwenye mtumbwi, ndo maana hauonekani haraka.

"Mvuvi ana hela ila anazimalizia kwenye pombe." Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Wapo wanaotapanya, sibishi, ila piga hesabu kwanza: mtumbwi, injini na nyavu ni vya tajiri, samaki wakishauzwa yanatolewa mafuta, chakula, barafu na matengenezo, afu kinachobaki mara nyingi tajiri anakata nusu au zaidi, na wale watatu wanne waliokesha majini ndo wagawane kilichobaki. Mkirudi mikono mitupu je? Mafuta ya leo yanageuka deni la kesho. Mkataba hana, bima hana, akizama familia inapewa pole na mchango wa msiba, basi. Na tajiri mwenyewe msimuone mfalme, wengi washachukua hela au nyavu kwa wakala wa kiwanda, kwa hiyo mzigo lazima uende kwa wakala huyohuyo na bei anaitaja yeye.

Afu kuna bondo, yaani kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa sangara. Watu wanajua minofu inaenda Ulaya, wengi hawajui kwamba bondo likikaushwa linaenda Hong Kong na China na kilo yake inaipita mbali kilo ya minofu. Sa waulize wavuvi kama hela ya bondo inaingia kwenye mgawo wao, uone watakavyoangaliana.

"Viwanda vimeleta neema kwa wote." Ajira zimekuja, kweli. Ila Mwanza minofu ilipoanza kusafirishwa, mtu wa kawaida alibakia na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Na mwaka 1999 Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya wanaovua kwa sumu, bei mwaloni ilianguka hata kwa ambaye sumu hajawahi kuigusa.

"Jaboya (kutoa mwili ili upate samaki) ni tabia ya wanawake wa ziwani." Hapa ndo huwa nakasirika kabisa. Wanawake ndo wachuuzi, wakaangaji na wakaushaji, ila vyombo karibu vyote ni vya wanaume, kwa hiyo samaki wakiadimika mwenye samaki anachagua wa kumuuzia na anaweka masharti ya mwili juu ya hela. Tabia gani hapo? Kule Nduru, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya 2010 kina mama walipata mitumbwi yao wakaajiri wanaume wawavulie, na waliokuwa na mtumbwi hawakuwa na sababu tena ya kumbembeleza mtu. Mitumbwi ikachakaa, afu 2020 ziwa likafurika likawatoa makwao, wakarudi kutafuta samaki kwa wenye vyombo.

"Uvuvi haramu ni wa masikini." Tanzania sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Nyavu za macho madogo zinanunuliwa na nani, hao samaki wachanga wanasafirishwa na nani? Operesheni ya 2018 ilichoma nyavu nyingi, Uganda mwaka 2017 wanajeshi waliingia majini, na anayedakwa kirahisi ni yule aliye kwenye mtumbwi. Sisemi sheria ilegezwe, samaki wakiisha hata huyo mvuvi hana pa kwenda, ila mkono ungefika pia kwa aliyenunua.

"Samaki akiwa na lebo basi kila mtu kalipwa vizuri." Hapana. MSC kwa mfano, lebo ya kimataifa ya uvuvi endelevu, imejengwa hasa kupima wingi wa samaki, mazingira na usimamizi, mgawo wa mtumbwini haupimwi humo. Lebo ya Naturland ya Ujerumani inagusa na mambo ya wafanyakazi, na sangara wa Bukoba waliwahi kupata cheti chake, kwa hiyo vigezo hivyo vinawezekana, ila mnunuzi lazima asome lebo imepima nini.