Kabla ya nyundo kupigwa: maswali kuhusu sumu katika majengo makuukuu ya mjini Mombasa

Maswali haya huulizwa na wenye majengo, wapangaji na mafundi kila ghorofa kuukuu ya biashara katikati ya mji inapotaka kukarabatiwa.

Jengo letu ni la mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Limesimama tangu enzi za babu na hakuna aliyedhurika. Sumu itoke wapi?

Kuta zenyewe hazinitii wasiwasi mkubwa. Jiwe, chokaa na boriti za mikoko ni vitu vya asili, ingawa vumbi lake nalo si la kuvuta. Kinachotisha ni vilivyoongezwa baadaye: rangi ya mafuta kwenye milango na madirisha, mapaa na dari za asbestosi (saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini), dawa ya mchwa iliyopakwa kwenye mbao, vifaa vya umeme vya zamani. Vingi kati ya hivyo, visipoguswa, hutulia mahali pake. Ni nyundo, msasa na grainda zinazovigeuza kuwa vumbi, na vumbi huingia kifuani. Jengo laweza kukaa na watu miaka mingi kwa salama, kisha likawadhuru katika wiki ile ya kubomoa.

Nasikia maabara ni ghali. Ukaguzi unaanzia wapi?

Unaanzia kwa kuuliza watu. Hatua hii haina gharama kubwa, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Mtafute mpangaji mkongwe, mlinzi wa zamani, mzee mwenye duka la jirani. Waulize chini hapa palikuwa na nini. Kila kazi huacha chake. Palipokuwa na mitambo ya uchapishaji, herufi zilikuwa za risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu. Sonara alitumia tindikali, na pengine zebaki. Studio ya picha ilimwaga kemikali kwenye bomba la maji machafu. Dobi aliyefua kwa kemikali badala ya maji huenda ameacha ardhini kimiminika ambacho mvuke wake hupanda kupitia nyufa za sakafu, miaka mingi baada ya yeye kuhama. Gereji au pampu ya mafuta huacha tangi lililozikwa, na tangi likila kutu huvuja.

Hapa kisiwani jambo hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Mwamba wetu wa matumbawe umejaa vitundu, na majengo mengi yanategemea visima. Petroli iliyovuja haikai pale ilipomwagika. Hushuka hadi kwenye maji. Kama ua una kisima, maji yake yapimwe kabla ya kitu kingine chochote.

Baada ya historia, pita chumba kwa chumba na tochi. Piga picha, andika, usivunje kitu. Angalia rangi inayobanduka, dari zenye madoa ya maji, mabomba yaliyofungwa kwa kitu kama plasta, na tyubu za taa, ambazo ndani yake mna zebaki. Transfoma na balasti (vifaa vinavyodhibiti umeme wa tyubu) za miaka ya nyuma zaweza kuwa na mafuta ya PCB, kemikali zilizopigwa marufuku na Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001. Zikivuja, usizishike kwa mikono mitupu. Ukimaliza hayo ndipo umwite mtaalamu wa kuchukua sampuli, naye apime mahali ulipopatilia shaka. Hutamlipa apime jengo zima.

Rangi yenye risasi nitaijuaje?

Kwa macho, huijui. Ukikata kipande cha rangi kwenye ukingo wa dirisha la zamani utaona tabaka zimepandana: nyeupe juu, kijani chini yake, samawati, kisha nyingine imeng'ang'ania mbao. Hizo za chini ndizo za kushuku, kwa hiyo sampuli ichukuliwe hadi kwenye mbao. Fundi akikwangua ya juu tu, maabara itapima rangi ya juzi na kukupa jibu la kukuridhisha bure. Kuna pia kifaa cha mkononi kinachopima kwa eksirei bila kubandua chochote.

Kikomo cha Kenya kwa rangi mpya ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni. Rangi za zamani zaweza kuwa na maelfu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Hudhuru ubongo wake, na ubongo huo haurudi ulivyokuwa. Mombasa tunalijua hili: watu wa mtaa wa Owino Uhuru waliumizwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Na paa la asbestosi?

Karatasi za saruji za kijivu zenye mawimbi, za miaka ya nyuma, zichukulie kuwa ni asbestosi mpaka hadubini iseme vinginevyo. Zisikatwe, zisitobolewe, zisisuguliwe kwa brashi ya chuma. Nyuzi zake hazionekani, hukaa mapafuni, na saratani inayotokana nazo yaweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baadaye. Kwa mvuta sigara hatari ya saratani ya mapafu huongezeka maradufu na zaidi.

Chini ya kanuni za taka za Kenya, asbestosi ni taka hatari. Huloweshwa maji, hushushwa ikiwa nzima, hufungwa kwa plastiki nzito na kubebwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa. Kuitupa kwenye jalala la Mwakirunge usiku na mkokoteni ni kuwahamishia wengine ugonjwa.

Darini mna kinyesi cha njiwa na popo. Nifagie?

Usifagie kikavu. Chaweza kuwa na kuvu zinazoingia mapafuni. Lowesha kwanza, vaa barakoa ya N95 inayochuja vumbi laini, na mwenye upungufu wa kinga asikaribie.

Maduka ya chini yaendelee kuuza huku juu kunabomolewa?

Kama vipimo vimeonyesha risasi au asbestosi, hapana. Turubai halitoshi, na msimu wa kusi ukivuma vumbi litavuka hadi mtaa wa pili. Mwenye jengo akae na wapangaji mapema, wakubaliane tarehe za kufunga na nani atabeba hasara.

Mimi ni fundi. Nimekwangua rangi wiki mbili nimejifunga leso puani. Nifanyeje sasa?

Leso na barakoa ya hospitali hazizuii vumbi hili. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo unachodai ni haki yako. Kwangua palipoloweshwa, usichome rangi kwa moto, usile wala kuvuta sigara penye kazi.

Nguo za kazi zisifike nyumbani. Mtoto aweza kupata risasi kwa kumkumbatia baba aliyetoka mjengoni. Oga kabla ya kuwashika, na nguo zifuliwe peke yake.

Kisha nenda ukapimwe damu, umwambie daktari kazi uliyofanya, maana dalili za sumu ya risasi, yaani tumbo kusokota, kufunga choo, kuumwa kichwa na uchovu, hufanana na maradhi mengine mengi. Kiwango cha risasi kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kama mkeo ni mjamzito au una mtoto wa chini ya miaka mitano, nao wapimwe siku hiyo hiyo.