Gari ya shamba isubiri saa, isisubiri kujaa

Tukienda vijijini kuzungumza usafiri, lalamiko la mwanzo huwa "hatuna gari". Mie huuliza, gari haipo, au ipo ila hujui itapita saa ngapi? Maana hayo ni maradhi mawili tofauti na dawa zake mbali mbali.

Chukua bi mkubwa wa Makangale, kule Pemba, mwenye kliniki Wete saa mbili asubuhi. Katoka alfajiri na kikaratasi chake cha hospitali, kakaa chini ya mwembe njiani, kumbe gari ingali mwanzo wa njia inajaza, utingo anagonga bodi "bado wawili, bado wawili!", na hao wawili wakichelewa nusu saa basi na yeye kachelewa nusu saa. Mara ya nne anapanda boda, ghali lakini ina uhakika. Gari ikikosa abiria inapunguza safari, safari zikipungua na abiria wanazidi kukimbia, ndo usafiri wa shamba unavyokufa hivyo.

Kwengine wamejaribu gari za kuita kwa simu. Helsinki, Finland, walianza Kutsuplus 2012, vikafika vibasi 15 vya watu tisa tisa, unaagiza kinakupitia kituo cha karibu. Mwisho wa 2015 wakaifunga, ruzuku kwa kila safari ilikuwa nzito. Gari ikizunguka kumfata mmoja mmoja inabeba wachache kwa saa na mafuta ni yale yale.

Kwa hiyo sisi tunashauri kitu cha katikati. Gari iwe na saa ya kutoka, ifate barabara yake kama kawaida, ila iachiwe dakika 12 za kuchepuka kuwafata walioagiza. Kuingia ndani na kurudi barabarani tuseme dakika nne, basi ni mara tatu tu kwa safari, wa nne aambiwe kwa adabu asogee barabarani, na mgonjwa, mjamzito na mlemavu watangulie. Kuagiza ni usiku wake kabla ya saa tatu, kwa simu ya kitochi au unamuachia jina mwenye duka. Wengi hukimbilia programu ya simu kwanza, wallahi gari yenyewe haina saa ya kuondoka sijui hiyo programu itaonesha nini.

Sasa pesa. Dereva anaekula kwa vichwa lazima asubiri kujaa, na huwezi kumlaumu, jioni tajiri anataka hesabu yake. Kwa hiyo ruzuku ikitoka ilipwe kwa safari iliyoondoka kwa saa yake, hata ndani wawe watano. Anaefatwa ndani aongeze kidogo kwenye nauli. Na kibali cha njia kizitaje hizo njia za pembeni, la sivyo dereva akikutwa na trafiki huko ndani ataambiwa kaacha njia.

Pa kuanzia ni safari mbili tu, ya asubuhi na ya kurudi. Hii ya kurudi ndo husahauliwa, na bi mkubwa akimaliza kliniki saa tano akakwama Konde, njiani kurudi Makangale, mpaka alasiri, mwezi ujao haendi.