Soul mchanganyiko ni nini? Maelezo kupitia albamu nne za Michael Kiwanuka

Soul mchanganyiko ni muziki wa soul (aina iliyozaliwa kwa Wamarekani weusi kutoka nyimbo za injili na bluzi) ambao mtunzi wake hajifungi katika ala na mipangilio iliyozoeleka ya aina hiyo, bali huchota kwa makusudi kutoka roki, jazi, foku, nyimbo za injili au midundo ya Afrika Magharibi, huku uimbaji wenyewe ukibaki wa soul. Maelezo hayo huonekana kutosha hadi siku msanii wa namna hiyo anapotoa albamu mpya. Hapo mashabiki hugawanyika. Wapo wanaosema amepotea njia, wapo wanaosema sasa ndiyo amejipata, na kila upande huzirudia albamu zake za nyuma kutafuta ushahidi. Katika mabishano hayo ndimo dhana inamofafanuka vizuri, kwa sababu shabiki anapoitetea albamu anayoipenda hulazimika kusema, hata bila kukusudia, ni kitu gani hasa anachokiita soul.

Mfano nitakaoutumia ni Michael Kiwanuka, mwimbaji na mpiga gitaa aliyezaliwa mwaka 1987 kaskazini mwa London, katika eneo la Muswell Hill, na wazazi waliotoka Uganda wakikimbia utawala wa Idi Amin. Ametoa albamu nne: Home Again mwaka 2012, Love & Hate mwaka 2016, Kiwanuka mwaka 2019 na Small Changes mwishoni mwa mwaka 2024. Hakuna albamu kati ya hizo inayofanana na iliyoitangulia, na kila moja ina watu wanaoapa kwamba ndiyo Kiwanuka wa kweli.

Kabla ya kufika kwake ni lazima iondolewe dhana moja potofu, kwamba hapo zamani palikuwa na soul safi ambayo baadaye ilichanganywa. Soul ilizaliwa ikiwa mchanganyiko. Mwaka 1954 mwimbaji Mmarekani Ray Charles alichukua mahadhi ya wimbo wa injili, akayatia maneno ya mapenzi ya mwanamume kwa mwanamke na midundo ya bluzi, jambo lililowaudhi waumini wengi ambao kwao sauti ile ilikuwa ya kanisani tu. Mwaka 1962 mtu huyohuyo alitoa albamu nzima ya nyimbo za kantri, muziki uliohesabiwa kuwa wa wazungu wa mashambani, na albamu hiyo ikashika namba moja Marekani. Mjini Memphis, wakati sheria na desturi za ubaguzi zilikuwa zingali na nguvu, bendi ya studio ya kampuni ya rekodi ya Stax ilikuwa na wapigaji weusi na weupe waliokaa chumba kimoja. Mwaka 1968 kundi la Temptations liliingiza magitaa makali ya roki katika nyimbo za Motown, kampuni ya rekodi ya soul ya Detroit, na mwaka 1971 Bill Withers alitoa albamu yake ya kwanza akiwa na gitaa kavu mkononi kama mwimbaji wa foku.

Pamoja na hao, anayestahili kuzungumziwa zaidi kidogo ni Isaac Hayes, mwimbaji wa Stax, kwani bila yeye albamu ya pili ya Kiwanuka haielezeki. Mwaka 1969 Hayes alitoa albamu yenye nyimbo nne tu. Mmoja ulikuwa wimbo wa watu wengine uliokwisha kuvuma kwa mtindo wa kantri, naye akaunyoosha ukazidi dakika 18: dakika nyingi za mwanzo haimbi kabisa, anasimulia tu habari za mwanamume anayeiacha nyumba yake, huku kinanda kikiishikilia sauti ileile moja na ngoma zikigonga taratibu. Redio za wakati huo zilitaka nyimbo za dakika tatu. Wasikilizaji waliinunua kwa wingi, na tangu hapo ikawa wazi kwamba soul inaweza kuwa ndefu, yenye violini na magitaa yenye mwangwi, bila kupoteza kilichoifanya soul.

Basi ni nini hicho kinachobaki? Kwa maoni yangu ni namna mwimbaji anavyosimama mbele ya maneno yake. Katika soul mwimbaji hutoa ushuhuda kama mtu aliyesimama kati ya waumini wenzake: maneno huwa mepesi, ya nafsi ya kwanza, yanarudiwarudiwa hadi yapate uzito; silabi moja huweza kubebwa juu ya noti nyingi; sauti huchelewa kidogo nyuma ya pigo; na mara nyingi wapo waitikiaji wanaothibitisha alichosema. Ala zinaweza kubadilika zote. Msimamo huo ukiondoka, kinachobaki ni wimbo mzuri wa aina nyingine. Ni kwa kipimo hicho ninawasikiliza mashabiki wa Kiwanuka.

Wale wa Home Again hupenda ukaribu. Albamu hiyo ilitayarishwa na Paul Butler katika Kisiwa cha Wight, baada ya Kiwanuka kuwa mwimbaji wa kufungua maonyesho katika ziara ya Adele ya mwaka 2011, na ilitoka miezi michache tu baada ya BBC kumtaja kuwa msanii wa kutazamwa zaidi kwa mwaka 2012. Gitaa kavu liko mbele, sauti yake ya mikwaruzo iko karibu sana na sikio, na kwa nyuma filimbi na violini huja na kuondoka. Wanaoipenda husema huko ndiko alikokuwa mkweli kuliko popote. Wasioipenda husema inaishi mwaka 1971 badala ya 2012, na lawama hiyo ina uzito wake: mchanganyiko wa foku na soul uliomo humo ulikwisha kufanywa na Withers na Terry Callier wa Chicago, naye Kiwanuka aliufuata kwa heshima kupita kiasi.

Love & Hate ilivunja heshima hiyo. Watayarishaji walikuwa Danger Mouse, Mmarekani anayefahamika kwa kuunganisha aina za muziki zisizokaa pamoja, na Inflo, kijana wa London ambaye baadaye angekuwa nguzo ya kundi la muziki la Sault. Wimbo wa kwanza, Cold Little Heart, una dakika kumi, na takriban nusu yake hupita kabla Kiwanuka hajatamka neno. Kwanza violini zinapanda polepole, kisha kwaya isiyo na maneno, kisha gitaa la umeme linaanza kulia peke yake juu ya vyote, noti ndefu zinazokunjwa kama mtu anayetafuta pa kuanzia mazungumzo magumu. Msikilizaji aliyelelewa na rumba ya Kongo anaijua sebene, sehemu ya magitaa inayomngoja mwimbaji amalize. Hapa mambo yamegeuzwa, gitaa linatoa ushuhuda wote kwanza, na mwimbaji anapoingia anakuta moyo umekwisha kufunguliwa. Ndiyo maana mimi huuhesabu utangulizi huo kuwa soul kabisa, ingawa kila ala iliyomo inaweza kupatikana katika roki ya saikedelia ya Uingereza, ile ya miaka ya 1960 yenye sauti za kindoto.

Mashabiki hawakuusikia wimbo huo kwa namna moja. Mwaka 2017 toleo lake lililofupishwa lilitumiwa kufungulia tamthilia ya televisheni ya Marekani, Big Little Lies, na umati mkubwa ukamjua Kiwanuka kwa kupitia sehemu ya kuimba tu. Wengi wao walipoutafuta wimbo mzima waliuona utangulizi kuwa kizuizi cha kurukwa. Wale wa mwaka 2016 waliona kwamba kuuruka ni kuukata wimbo kichwa. Nakubaliana na hao wa pili bila kusita, lakini ubishi wenyewe unafundisha: kundi moja liliweka soul katika sauti ya mtu peke yake, jingine likaiweka katika safari inayoileta sauti hiyo.

Katika albamu hiyohiyo kuna Black Man in a White World, wimbo unaoanza kwa makofi na sauti za watu, sentensi ya kichwa chake ikirudiwa kama katika nyimbo za kazi za zamani, hadi gitaa la fanki linapoingia na kuugeuza kuwa wa kuchezeka. Hapo inafaa kusema kwamba roki haikuwa kitu cha kuazima kwake. Alikulia kati ya vijana wa Muswell Hill waliosikiliza bendi za magitaa, na amewahi kueleza jinsi kumwona Jimi Hendrix kwenye filamu kulivyomwonyesha kwamba mtu mweusi naye anaweza kulimiliki gitaa la umeme. Wanaomshutumu kwamba alichanganya roki ili awapendeze wazungu wanausahau utoto wake mwenyewe.

Albamu ya tatu ndiyo iliyoikamilisha dhana. Mwanzoni mwa kazi yake alishauriwa atafute jina jepesi la jukwaani. Akakataa, na mwaka 2019 akaliandika jina la ukoo wake kuwa jina la albamu, na jalada likawa mchoro unaomwonyesha kama mtawala wa kale. Nyimbo zimeunganishwa kwa vipande vifupi vya ala na kwa sauti zilizorekodiwa enzi za harakati za haki za kiraia Marekani. Wimbo wa kufungulia unaendeshwa na ngoma zinazowakumbusha wengi Afrobeat, mtindo wa Nigeria. Wimbo wa Hero unamkumbuka Fred Hampton, kiongozi wa Chicago wa Black Panther, chama cha kutetea haki za weusi, aliyeuawa na polisi Desemba 1969 akiwa na umri wa miaka 21. Na Solid Ground unamrudisha msikilizaji kwenye sauti moja na kinanda. Septemba 2020 albamu hiyo ilishinda Tuzo ya Mercury, inayotolewa kila mwaka kwa albamu bora ya Uingereza na Ireland. Wapo wanaolalamika kwamba vipande vya kuunganishia vinawachosha, hasa wanaosikiliza wimbo mmojammoja. Albamu haikutengenezwa kwa usikilizaji huo, na kuilaumu kwa sababu hiyo si haki.

Ikaja Small Changes, Novemba 2024, miaka mitano baadaye, Kiwanuka akiwa sasa baba wa watoto na amehama London. Watayarishaji ni walewale wawili. Kelele zimeondoka: hakuna ngoma za kuitisha umati, hakuna hotuba za zamani, kwaya imepunguzwa ikawa waitikiaji wachache wa sauti ya chini, na gitaa la besi lake Pino Palladino katika baadhi ya nyimbo linatembea kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Kundi moja la mashabiki lilisema moto umezimika. La pili lilisema huu ndio utu uzima, na kwamba amerudi kwenye ukaribu wa albamu ya kwanza akiwa na ujuzi wa albamu zote tatu. La tatu, ambalo ni dogo lakini linasikiliza kwa makini, lilisema hii ndiyo albamu yake ya soul zaidi, kwa kuwa haina tena kitu cha kujionyesha.

Mimi nipo karibu na hilo la tatu, kwa masharti. Wanaosema mchanganyiko umepotea wanaupima kwa ukubwa wa sauti. Chukua Lowdown, uliogawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni soul ya mwendo wa wastani, yenye kibwagizo cha maneno mepesi. Ya pili haina uimbaji wa kawaida, ni gitaa la umeme linaloelea polepole, na wengi walisikia humo bendi ya Pink Floyd. Ni gitaa lilelile la utangulizi wa mwaka 2016, likisema jambo lilelile kwa sauti ya chumbani. Tofauti ni kwamba zamani ungeweza kuonyesha kwa kidole mahali roki ilipoingia, ilhali sasa mshono hauonekani. Hata hivyo lawama moja naipokea: nyimbo kadhaa za katikati zinakaribiana mno kwa kasi na kwa hisia, na mtu aliyeguswa na uchungu wa Hero anayo haki ya kuukosa. Albamu ya 2019 inabaki kubwa kuliko hii.

Mwisho kuna mipaka ya dhana, maana soul mchanganyiko hufananishwa kimakosa na jirani zake wawili. Neo-soul ni jina lililoenea Marekani miaka ya 1990 kwa muziki wa kina D'Angelo na Erykah Badu, uliojengwa juu ya midundo ya hip-hop na kinanda cha jazi. Mchanganyiko wake una viungo vinavyojulikana mapema, ndiyo maana uliweza kupewa jina lake. Soul ya kufufua, kama ile ya Sharon Jones na bendi ya Dap-Kings huko Brooklyn, hulenga kurudisha sauti ya miaka ya 1960 hata katika vifaa vya kurekodia. Home Again inakaribia ufufuaji huo. Tatu zilizofuata haziko upande wowote kati ya hizo mbili.

Anayetaka kulijua jambo hili kwa masikio yake asianze na albamu mpya wala ya kwanza. Aanze na ya 2019 kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka vile vipande vifupi, kisha asikilize Cold Little Heart kwa dakika zake zote kumi, na baada ya hapo sehemu ya pili ya Lowdown.